Nimehamishwa usharika, Zusatzblatt bado ina jina la zamani

Kijana wa Machame, Sachsen
Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni.
Mimi ni mmisionari, nimetumwa huku Ujerumani na dayosisi yetu ya KKKT kwa mwaka mmoja, nikaongezewa nusu mwaka. Sasa ni mwezi wa 14. Kazi inaenda vizuri. Mtihani wa Kijerumani wa B1 nimefaulu, vijana wa kipaimara wameacha kunicheka ninapotamka "ch", na kwenye nyumba ya wazee kuna bibi wa miaka 91 anayenisubiri kila Alhamisi nimwimbie Kimachame, ingawa haelewi neno hata moja.
Shida ni hii. Usharika wetu umeunganishwa na wa jirani (Jumapili tulikuwa tunafika watu 14, na mpiga kinanda yumo), kwa hiyo kuanzia tarehe 1 nahamia kwingine. Zusatzblatt, ile karatasi ya masharti inayoambatana na kibali cha ukaaji, imeandikwa jina la usharika wa kwanza. ABH (ofisi ya wageni) ya hapa nimeiandikia mara tatu, nikajibiwa na mashine. Nikaenda mwenyewe saa moja asubuhi, mlinzi akaniuliza termin (miadi) iko wapi. Mkononi nina Fiktion tu, ile karatasi ya muda ya kungojea kibali kipya.
Je, naruhusiwa kuanza kule kabla ya Zusatzblatt mpya? Mchungaji anasema nianze tu, Mungu anajua. Mungu anajua, sikatai. ABH je?

Mama wa Kassel
Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo Fiktion iogope! Mimi 2016 nilikwenda nayo kumzika baba Tanga. Wakati wa kurudi nikazuiwa kaunta ya ndege, abiria wote wananitazama kama mwizi. Nikakaa wiki saba kwa dada yangu nikingoja viza upya. Usisafiri na Fiktion kabisa.

Mkongwe wa Hamburg
Mama, tusitishane. Mnasema "Fiktion, Fiktion" kama vile ziko za aina moja. Fungua karatasi utazame visanduku. Kikiwekwa alama kisanduku cha kifungu 81(4) cha sheria ya ukaaji, kibali chako cha zamani kinahesabika kinaendelea, unatoka na kurudi. Ikiwa ni 81(3), hapo ukitoka umejifungia mlango mwenyewe. Yako bila shaka ilikuwa (3). Nimeshalieleza hili humu mara kumi.

Mama wa Kassel
Nilikuwa na msiba, kaka. Sikuwa na macho ya kutazama visanduku.
Halafu kijana hajauliza habari ya safari.

Mkongwe wa Hamburg
Safari umeileta wewe.

Sista wa Bavaria
Tumsifu Yesu Kristo. Mdogo wangu, vumilia. Mwaka wangu wa kwanza nililia kwa ajili ya barua ya Rundfunk, ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, na chumbani sina hata redio. Wenzangu watatu kwenye fleti nao wakaletewa yao, tukalipa zote nne miezi mitano kabla hatujaambiwa kwamba inalipwa moja tu kwa nyumba nzima. Sasa nimezoea. Hata unga wa sembe nimepata, nasonga ugali kila Jumamosi, masista Wajerumani wanaula kwa jemu. Nimenyamaza.
Nachekaga peke yangu: Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walipofika Peramiho 1898, nani aliwadai Zusatzblatt?

Mkongwe wa Hamburg
Walikuwa na Schutztruppe, jeshi la ukoloni la Wajerumani, nyuma yao, Sista. Hiyo ndiyo ilikuwa Zusatzblatt.

Sista wa Bavaria
Na Askofu Spiss akauawa 1905 kwenye Majimaji, na Peramiho ikachomwa. Historia naijua, kaka, nimezaliwa Songea.

Mkenya wa Stuttgart
Ninyi Wabongo mnahangaika na karatasi kwa sababu ya serikali yenu. Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, sisi katiba yetu iliruhusu tangu 2010. Mimi nina pasipoti mbili, ABH naisikia kwenu tu.

Mkongwe wa Hamburg
Usianze. Sisi tumepewa "hadhi maalumu" tu, si uraia pacha. Nina miaka 27 huku, shamba la marehemu babu liko Rungwe, na bado nahesabiwa mgeni pande zote mbili. Kijana ana miezi 14, yeye angalau anajua kwao ni wapi.

Kijana wa Machame, Sachsen
Asanteni sana wakubwa. Nimefungua karatasi, alama iko kwenye 81(4). Ila mimi sisafiri popote. Kuhusu Machame, Sista umenikumbusha: Wamisionari wa Leipzig walifika kwetu 1893, na usharika ninaohamia una picha yao ukutani, nyuma kuna migomba. Nilisimama nikiitazama muda mrefu mpaka mzee wa kanisa akaniuliza kama naumwa.
Tarehe 1 ni Jumatatu. Nianze, nisianze?

Mama wa Kassel
Sista, huo unga wa sembe unauzwa wapi?