MJADALA: Mafuta machafu ya chipsi yabaki Nairobi au yaende Ulaya?

Wadau, Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka uwanja wa JKIA, Nairobi, hadi Amsterdam, na sehemu ya mafuta yake ilitokana na mimea na wanyama, kazi ya kampuni ya Eni ya Italia. Eni hao hao wanakamua mbegu kule Makueni tangu 2022, mafuta ghafi yanasafirishwa hadi Gela, Sicily, kusafishwa. Soko lipo: tangu 2025 Umoja wa Ulaya unataka 2% ya mafuta ya ndege viwanjani mwao yasiwe ya kisimani, na 70% ifikapo 2050.

Mbegu tuziache leo. Nauliza kuhusu mafuta ya karai: nayo yaende huko? Msimamo wangu: mafuta yaliyokaangiwa yakusanywe, yawe dizeli hapa hapa. Unachuja, unakausha maji, unatia methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki (soda kali ya kupikia sabuni); gliserini inazama, dizeli inabaki juu. Yasipokusanywa, yale meusi ya hoteli yanaishia kibandani, yanakaangiwa tena.

Mkaangaji, Githurai: "Yakusanywe" kana kwamba tunayamwaga! Mafuta mapya ni ghali, ndiyo maana watu wanaongezea mapya juu ya ya jana. Mwenye bei nzuri aje na jerikeni, awe Mzungu au wa Kariobangi.

Fundi wa dizeli, Kariobangi: Maji yakibaki, unapika sabuni badala ya dizeli na filta inaziba. Dizeli ya shahamu, yaani mafuta ya wanyama, ndiyo balaa zaidi: gari likilala nje Julai, asubuhi mafuta yameanza kuganda. Wenzetu wa Ulaya wanatumia hidrojeni kuondoa oksijeni kwenye mafuta, ndiyo maana hata shahamu inafaa kwa ndege. Haya ya mtaani changanya kidogo na dizeli ya pampu, basi.

Mpika sabuni, Dagoretti: Mnagawana shahamu kama haina mwenyewe. Wanunuzi wa machinjioni ni sisi. Mkiipandisha bei, tutakimbilia mawese ya kuagizwa Asia. Mtakuwa mmepunguza nini?

Mwanzisha mada: Shahamu basi ibaki kwenye sabuni. Suala la mafuta ya chipsi siliachi. Mkaangaji, hakuna mnunuzi wa dizeli atakayeshinda faida ya kukaangia mara ya tano. Ila kaunti ikipima mafuta ya karai inapokagua leseni, yale meusi yatakosa soko la chakula na bei itashuka yenyewe. Wenye hoteli mko kimya, mnasemaje?