Naomba ushauri: niandike vipi maelezo ya kutetea cheti changu cha DBE?

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ohio, na nina kampuni ndogo yenye malori mawili ya tipa yanayobeba kokoto na lami kwenye miradi ya barabara inayogharimiwa na serikali kuu ya Marekani. Nina cheti cha DBE, yaani cha biashara za watu waliokosa fursa sawa.

Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi iliondoa dhana kwamba mtu wa rangi au jinsia fulani tayari amenyimwa fursa. Sasa kila mwenye cheti anatakiwa aandike maelezo yake binafsi, akitaja matukio mahususi yaliyomkwamisha kiuchumi, bila kuegemea rangi wala jinsia, na aambatishe taarifa ya mali zake. Kwenye mali sina wasiwasi: ukomo ni dola 2,047,000, nami bado nalipia mkopo wa lori la pili.

Kinachonikosesha usingizi ni hayo maelezo. Ninayo barua ya benki iliyoninyima mkopo kwa mistari miwili tu, pamoja na ankara iliyolipwa baada ya siku 94, ilhali kanuni inamtaka mkandarasi mkuu atulipe ndani ya siku 30 tangu yeye alipwe. Je, ucheleweshaji huo utahesabika, au wataniambia kuwa ni hasara ya kawaida ya biashara? Na je, nimtaje mkandarasi huyo, ambaye bado (sifichi) ndiye anayenipa kazi nyingi? Aliyekwisha kupitia zoezi hili naomba anielekeze.