Rwenzori siku tano au Karisimbi siku mbili? Avansi inatakiwa Ijumaa

MwanaHimbi
Salamu wapendwa. Tuko kikundi cha marafiki hapa Goma, tunataka kupanda mlima wa kweli. Kuna mtu ametupa ofa mbili: Rwenzori kupitia Uganda, hadi kilele cha Margherita, siku tano, au Karisimbi upande wa Rwanda, siku mbili. Bei ya Rwenzori ni nzuri sana. Anataka nusu ya pesa Ijumaa hii. Ninyi mngechagua ipi?

MamaWaKatindo
Mwanangu, umeuliza swali ukaficha nusu yake. Mko wangapi? Mwezi gani? Bei nzuri ni dola ngapi, na ndani yake mna nini: kiingilio cha hifadhi, wapagazi, chakula, gari? Kuna aliyewahi kulala juu ya mita 3,000? Mna pasipoti au mnategemea jeto, ile karatasi ya kuvukia mpaka? Jeto inakuvusha Gisenyi, Rwanda, haikufikishi Kasese, mji wa Uganda ulio chini ya Rwenzori.

Volkano2002
Karisimbi, bila kufikiri mara mbili. Mita 4,507, na mbingu ikiwa safi unauona ukiwa mlangoni kwako. Unalala kambini usiku mmoja wa baridi kali, kesho yake kileleni, jioni umeshuka. Ukishindwa njiani, barabara haiko mbali. Rwenzori ukishindwa siku ya tatu, una siku mbili za matope nyuma yako.

MwanaHimbi
Mama, asante. Tuko 11. Mwezi wa nne, likizo ya Pasaka. Dola 480 kila mtu, "kila kitu ndani". Wawili walipanda Nyiragongo kabla ya mlipuko wa 2021, wengine ni mara ya kwanza. Pasipoti ziko saba, nne zinashughulikiwa.

MamaWaKatindo
Mwezi wa nne ni mvua tupu! Rwenzori watu huenda mwezi wa saba na wa nane, au Desemba hadi Februari. Na hata miezi hiyo hunyesha. Huyo mtu alishafika huko kweli?

SafariNdefu
Niliposoma "siku tano hadi Margherita" ilibidi niandike. Watu huchukua siku saba au nane, na hakuna hata moja ya ziada. Yaliyotupata ni ya mwezi wa nane 2019. Jina la aliyetupanga silitaji.

Tulikuwa 14. Tuliambiwa tukutane Birere, hapa Goma, saa kumi na moja alfajiri. Gari lilifika saa tano. Ilikuwa wakati wa Ebola, mpakani Bunagana tulipanga foleni ya kunawa mikono na kupimwa joto, tukaingia Kisoro, Uganda, giza limeshatanda. Kasese tulifika kesho yake usiku, siku moja ya ratiba imeshaliwa na barabara. Mratibu akasema tutaifidia mlimani. Wakati huo sikujua kwamba mlimani siku haifidiwi.

Pale Nyakalengija, njia ya kupanda inapoanzia, akatuaga, akasema atatungoja hotelini. Mifuko ya kulalia ilikuwa tisa kwa watu 14. Usiku wa kwanza tukalala kibanda cha Nyabitaba. Siku ya pili, badala ya kulala kibanda cha pili, kiitwacho John Matte, tukapitiliza, tukavuka kinamasi cha Bigo mvua ikitupiga, miguu inazama hadi magotini, tukafika kibanda cha Bujuku usiku. Hapo ni karibu mita 4,000. Kijana mmoja wetu, mcheza mpira, mwenye nguvu kutuzidi sote, akaanza kutapika. Kichwa kinamuuma hadi analia. Akisimama anayumba kama aliyelewa.

Sasa sikilizeni hili. Rafiki yetu mmoja ni Munande wa Butembo, na Kinande chake na Lukonzo, lugha ya wapagazi wa kule, ni lugha za tumbo moja. Akakaa na wapagazi motoni wakaongea. Ndipo tukajua kwamba wao waliambiwa wanabebea watu wanane, kwa siku tatu, na walikuwa wamelipwa siku moja tu. Chakula chetu kilichobaki kilikuwa mchele wa mlo mmoja. Wale baba wangeweza kutuacha pale na wangekuwa na haki. Walisonga bugali wao, wakapika maharagwe yao, wakatugawia sisi kwanza. Ile sufuria nikiikumbuka bado naona haya.

Waongozaji walikuwa wawili. Mkubwa wao alituambia wazi: mmoja akishuka na mgonjwa, hawezi kuwapeleka 13 waliobaki kwenye barafu peke yake, tena viatu vya meno vya kukanyagia barafu na kamba havitoshi. Akaamua tushuke sote. Msaidizi akatangulia na mgonjwa usiku ule ule, wapagazi wanne na taa mbili. Asubuhi tulimkuta mgonjwa kwenye kibanda cha John Matte amekaa, anakunywa chai. Tofauti ya urefu hapo ni kama mita 500 tu!

Margherita sikuiona hata kwa mbali. Tulipofika chini tulichanga dola 30 kila mtu tukawalipa wapagazi. Simu ya mratibu haikupatikana siku tatu.

MuuguziIbanda
Yaya SafariNdefu, yule mwongozaji aliokoa maisha ya mtu. Kuyumba vile ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba, na dawa ni kushuka, hata kama ni usiku. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne upumzike. Ninyi kutoka Nyabitaba hadi Bujuku mlipanda zaidi ya mita 1,300 kwa siku moja. Asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini muone daktari kwanza, na haimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

KijanaNdosho
Lakini sisi wa Goma tumezoea mwinuko, hatulingani na mtu wa Kinshasa. Na tangawizi na kitunguu saumu asubuhi, hakuna kichwa kitakachouma. Bibi yangu alivuka misitu ya Masisi kwa miguu na mzigo kichwani.

MuuguziIbanda
Ndugu, heshima kwa bibi. Goma iko karibu mita 1,500. Margherita ni 5,109. Mwili wako haujazoea chochote kinachokaribia hapo. Kunywa tangawizi yako, ni nzuri kwa baridi. Na Volkano2002, hata Karisimbi kwa siku mbili kunapandwa haraka, vichwa huuma sana. Faida yake ni kwamba unashuka mapema.

Volkano2002
Nakubali. Mimi mwenyewe nilitapika kileleni.

MwanaLushi
Niko mbali nanyi, Lubumbashi, ila nashangaa hamtaji Kilimanjaro. Mita 5,895, juu zaidi ya yote mnayotaja, na njia ya Machame siku saba unapanda bila kamba. Mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani, haizidi kilo 20. Huko mpagazi hadanganywi kirahisi.

MamaWaKatindo
Kutoka Goma hadi Moshi, Tanzania, kwa basi, na dola 480 mkononi? Tusimwongezee kijana mzigo. Ila hilo la mizani ni zuri. MwanaHimbi, muulize mtu wako: wapagazi wangapi, wanalipwa kiasi gani, na nani anawalipa?

TotoLaKibati
Mimi nasikitika tu kwamba tunazungumzia milima ya jirani. Zamani ulikuwa unaondoka Kibati asubuhi, saa tano za kupanda, unalala ukingoni mwa Nyiragongo kwenye mita 3,470 unatazama ziwa la moto. Jibini la Masisi na mkate, unakula huku uso unaunguzwa na mgongo unaganda. Mlima wetu wenyewe.

KijanaNdosho
Jibini la Masisi linafaa hata Rwenzori! Haliozi upesi.

Volkano2002
Linakaa kama ni kavu. Lile laini la sokoni siku ya pili linatoka jasho.

MwanaHimbi
Nimerudi. Nimemuuliza maswali matatu: wapagazi wangapi, waongozaji wangapi, na kwa nini siku tano. Kuhusu wapagazi amesema "wapo wa kutosha". Waongozaji, "wazoefu kabisa". La tatu hajajibu, amenitumia picha ya kilele. Shida ni kwamba wenzangu wanne wameshalipa, na hawataki hata kusikia Karisimbi. Wanasema barafu ya Rwenzori inakwisha, tukingoja hatutaikuta.

Volkano2002
Kuhusu barafu hawajakosea. Yule Mwitalia, Mtawala wa Abruzzi, alipopanda 1906 milima sita ya pale ilikuwa na barafu. Leo imebaki kidogo mno.

SafariNdefu
Barafu inakwisha, ndiyo, lakini haiishi Pasaka hii. Waliolipa wamepewa resi, yaani stakabadhi? Kama hawana, waidai leo. Na mwambie akupe namba ya mwongozaji aliyeko kule, si yake. Mkimpata, mtafuteni Munande wa kuongea naye.

MwanaHimbi
Resi hakuna, wametuma kwa simu. Namba nitaiomba kesho.

KijanaNdosho
Mkienda huko chukueni bote za mpira, viatu vya ngozi vitawafia Bigo. Yaya SafariNdefu, wewe ulivaa zipi?

SafariNdefu
Za mpira, nilipewa kule, namba 43 na mimi navaa 46. Kucha mbili ziling'oka. Kuna anayejua Birere nani anauza namba kubwa?