Mhafidhina wa Marekani anaiogopa serikali kubwa mpaka lini?

Wakuu, salaam.

Swali lililowekwa mezani ni kama wahafidhina wa Marekani, kwa misimamo yao ya sasa kuhusu vita vya nje, mauaji ya kisiasa na sera za ndani, bado wanasimamia kile walichokuwa wakikihubiri. Mchangiaji mmoja ameshasema hayatuhusu, wana nchi yao na sisi tuna yetu. Mwingine amesema hao ndio waliobaki kutetea imani na familia, kwa hiyo tusimame nao kwa lolote wafanyalo.

Mimi ni mtu wa imani, na kwenye ndoa, malezi na uhai wa mtoto tumboni nakubaliana nao mengi. Hiyo ndiyo sababu nalichukulia swali hili kwa uzito. Uhafidhina wa kule ulijengwa juu ya hofu ya mtawala asiye na mipaka, na ndiyo maana wanaipenda Katiba yao kiasi kile. Hofu ya namna hiyo inapimwa siku mtu wa chama chako anapokaa Ikulu. Mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa kupimwa, na naona wengi wao walifeli, wachache wakafaulu kwa gharama kubwa.

Nianze na vita. Mwaka 1950 Rais Truman alipeleka majeshi Korea bila kura ya Bunge. Seneta Robert Taft wa Ohio, kinara wa wahafidhina wa enzi hizo, alisimama akasema rais hana mamlaka hayo kisheria. Kisha akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: azimio la kuruhusu vita hiyo likiletwa mbele ya Bunge, yeye angelipigia kura ya ndiyo. Aliona kuna sababu ya kuisaidia Korea, lakini hakukubali mtu mmoja aamue peke yake. Kwangu huo ndio uhafidhina, na ndio kipimo nitakachotumia hadi mwisho wa andiko hili.

Miaka 52 baadaye, Oktoba 2002, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kuidhinisha vita vya Iraq, 296 kwa 133. Warepublican, yaani watu wa chama cha wahafidhina, waliokataa walikuwa 6 tu, mmoja wao Ron Paul wa Texas. Wachambuzi wa upande wao waliwaita watu wa namna hiyo wasaliti. Wanajeshi wa Marekani karibu 4,500 walikufa Iraq, Wairaki waliokufa hesabu yao ni kubwa mara nyingi zaidi, na silaha za maangamizi hazikupatikana. Februari 2016, kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Republican huko Greenville, South Carolina, Donald Trump alisema mbele ya umati wa Warepublican kwamba vita ile ilikuwa kosa kubwa. Ukumbi ulimzomea. Siku chache baadaye alishinda jimbo hilo na mpinzani wake Jeb Bush akajitoa. Mpiga kura wa kawaida, ambaye kijana wake ndiye aliyerudi bila mguu, alikuwa amewatangulia wachambuzi wake kwa miaka mingi.

Sasa njoo Juni 2025. Israel inaishambulia Iran, na wahafidhina wanagawanyika hadharani. Mtangazaji Mark Levin anataka Marekani iingie. Watangazaji wenzake Tucker Carlson na Steve Bannon wanasema hapana. Mwanaharakati wa vijana Charlie Kirk naye anatahadharisha kuhusu vita vya kuangusha utawala. Katika mahojiano ya Carlson na Seneta Ted Cruz, Carlson anamuuliza seneta anayetaka utawala wa Tehran uondoke: Iran ina watu wangapi? Cruz hajui. Alijitetea kwamba si lazima akariri takwimu, na kweli hakuna anayezijua zote. Lakini ukitaka kubadilisha utawala wa nchi ya watu takribani milioni 90, idadi ya watakaoishi na matokeo ya uamuzi wako ni jambo la kwanza kulijua.

Tarehe 22 Juni ndege 7 za kivita za Marekani aina ya B-2 ziliangusha mabomu 14 kwenye vituo vya nyuklia vya Iran vya Fordow na Natanz, kila bomu uzito wa tani 13 na ushee. Bunge halikupiga kura kabla. Mrepublican Thomas Massie wa Kentucky, pamoja na Ro Khanna wa Democrat, walikuwa wameandaa azimio la kumtaka rais apate idhini ya Bunge. Massie aliambulia matusi kutoka kwa rais wa chama chake mwenyewe. Kwenye Seneti azimio kama hilo lilianguka tarehe 27 Juni, 47 kwa 53, na Mrepublican pekee aliyeliunga mkono alikuwa Rand Paul, mtoto wa yule yule Ron Paul.

Ndugu aliyeandika kwamba "Iran ikipata bomu la nyuklia dunia imekwisha" nimemwelewa. Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki lilisharipoti kwamba Iran ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani iliyorutubishwa kufikia asilimia 60, na hakuna nchi inayohitaji kiwango hicho kuwashia taa. Hatari ilikuwepo. Mrudie Taft hapo: sababu ikiwa nzuri, ipeleke Bungeni ikapigiwe kura. Sheria yao ya mwaka 1973, iliyopitishwa kwa kuishinda kura ya turufu ya Nixon, inamtaka rais atoe taarifa ndani ya saa 48 na aondoe majeshi baada ya siku 60 kama hana idhini. Marais wa vyama vyote wameizungukazunguka, Obama akiwemo kwenye vita vya Libya mwaka 2011. Wakati ule Warepublican walipiga kelele sana kuhusu Libya. Walikuwa sahihi, na ndiyo maana nauliza kelele zile zilikwenda wapi.

Na asiniambie mtu kwamba hayo ni ya mbali. Tangu Februari 2025 ndege za Marekani zimeongeza mashambulizi Somalia, zikianza na maficho ya kundi la IS (Dola la Kiislamu) kwenye milima ya Golis, Puntland. Al-Shabaab wametuua Westgate, Garissa na Mpeketoni, siwatetei hata kidogo. Lakini serikali iliyoingia madarakani kwa ahadi ya kukomesha vita vya nje inapiga mabomu jirani na sisi, na wachambuzi walioichagua kwa ahadi hiyo hawalitaji.

Kuna aliyeuliza: mbona husemi kuhusu Kongo na Rwanda kutia saini Washington? Nasema ilikuwa hatua njema. Mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizo kukaa meza moja tarehe 27 Juni 2025 ni bora kuliko kutokaa. Ila Goma, mashariki mwa Kongo, ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari, na saini haikuwatoa.

La pili ni damu ya kisiasa, na hapa naomba tuende taratibu kwa sababu ni jambo la watu waliokufa.

Tarehe 10 Septemba 2025 Charlie Kirk, miaka 31, mume na baba wa watoto wawili wadogo, alikuwa amekaa chini ya hema jeupe kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Utah Valley. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya vijana, kumpa kipaza sauti asiyekubaliana naye na kumjibu. Watu kama elfu tatu walikuwepo. Risasi moja kutoka juu ya paa ikampiga shingoni akiwa anajibu swali. Waliochekelea kifo kile mitandaoni walinitia kichefuchefu. Mtu anayejibu maswali hauawi. Hilo halina "lakini" kwangu.

Miezi mitatu kabla, tarehe 14 Juni, mtu aliyevaa kama polisi alibisha hodi usiku kwenye nyumba za wanasiasa wa Democrat jimboni Minnesota. Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mumewe Mark. Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi nyingi, wakapona. Kabla familia haijazika, Seneta Mike Lee wa Utah, mhafidhina anayejulikana kwa kuipenda Katiba, aliweka mitandaoni maneno ya kufanyia mzaha mauaji yale. Aliyafuta baadaye. Wachambuzi waliodai, kwa haki kabisa, heshima kwa Kirk mwezi Septemba, wengi wao mwezi Juni hawakumkemea Lee.

Ukirudi nyuma utaona damu haina chama. Mwaka 2011 Gabrielle Giffords wa Democrat alipigwa risasi ya kichwa Tucson na watu 6 wakafa. Mwaka 2017 Steve Scalise wa Republican nusura afe kwenye mazoezi ya besiboli Alexandria, mikononi mwa mtu wa mrengo wa kushoto. Julai 2024 risasi ilipita sikioni mwa Trump kule Butler, na mwananchi aliyekuja kumsikiliza akauawa. Halafu tarehe 20 Januari 2025 rais huyo huyo, siku ya kwanza ofisini, akasamehe karibu watu 1,500 wa uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021, siku ambayo askari kama 140 walijeruhiwa. Wamo waliokuwa wamekutwa na hatia ya kuwapiga askari. Chama kikubwa cha polisi, Fraternal Order of Police, ambacho kilimuunga mkono kwenye uchaguzi, kililaani misamaha ya namna hiyo. Huwezi kusema uko upande wa sheria na utulivu ukafumbia macho hilo.

Lililoniuma zaidi ni kilichofuata baada ya kifo cha Kirk. Mwaka 2024 Kirk mwenyewe aliandika kwamba kisheria Marekani haina kitu kinachoitwa kauli za chuki. Kuna maneno mabaya, machafu, hata maovu, alisema, na yote yanalindwa na Katiba. Hata wiki moja haijaisha tangu auawe, Mwanasheria Mkuu Pam Bondi akatangaza kwamba serikali itawaandama wenye kauli za chuki. Makamu wa Rais JD Vance, akiwa amekalia kiti cha Kirk kwenye kipindi chake, akawahimiza watu wawapigie simu waajiri wa waliofurahia kifo. Mkuu wa tume ya mawasiliano, Brendan Carr, akakitishia kituo cha televisheni cha ABC kwa sababu ya maneno ya mchekeshaji Jimmy Kimmel kuhusu mauaji hayo, na kipindi kikasimamishwa kwa siku kadhaa.

Hapo nawapa haki yao waliosimama. Wachambuzi wahafidhina Matt Walsh na Erick Erickson walimpinga Bondi waziwazi mpaka akafafanua kwamba alimaanisha vitisho vya vurugu. Na Ted Cruz, yule yule niliyemsema kuhusu Iran, alisema vitisho vya Carr ni vya hatari sana, kwa kuwa siku Democrat wakirudi madarakani watatumia rungu hilo hilo kuwanyamazisha wahafidhina. Cruz hampendi Kimmel. Alitetea kanuni inayomlinda asiyempenda, na siku ile nilimheshimu. Erika Kirk naye, mjane wa siku 11, alisimama mbele ya maelfu pale Glendale, Arizona, akamsamehe muuaji. Rais akafuata jukwaani akasema yeye huwachukia wapinzani wake. Sisi wenye imani tunaofuatilia mambo haya, nadhani tunajua ni yupi kati ya wawili hao alikuwa amebeba Injili siku ile.

La tatu, sera za ndani. Hapa sitakaa sana, ila tusijidanganye kwamba kuna ukuta unaozuia sera za ndani ya Marekani zisitufikie.

Januari 28, 2003, George W. Bush alihutubia Bunge. Katika hotuba hiyo moja aliijenga hoja ya kuivamia Iraq, na pia akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano kupambana na UKIMWI, hasa Afrika. Mpango huo, PEPFAR, ni kazi ya mhafidhina mlokole akisukumwa na wahafidhina wenzake wa makanisani. Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania zilikuwa kwenye kundi la kwanza. Yeyote anayekumbuka wodi zetu za mwaka 2000 na anayeona leo mama anachukua dawa za kufubaza virusi, anarudi nyumbani na kulea watoto wake, anajua nasema nini. Vita ya Iraq ilikuwa aibu yao. PEPFAR ilikuwa fahari yao. Januari 2025 amri ya kusitisha misaada ilipotoka, wahudumu wa afya wengi huku kwetu waliambiwa wasije kazini kesho yake, na ifikapo Julai 1 shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limevunjwa. Ni maseneta wachache wa Republican waliookoa dola milioni 400 za PEPFAR zilizokuwa zifyekwe Julai hiyo.

Anayesema tusitegemee dola za watu yuko sahihi, na serikali zetu zinastahili lawama yake. Lakini wale wanaodai wanabana matumizi, mwezi ule ule walipitisha sheria kubwa ya kodi ambayo ofisi ya bajeti ya Bunge lao ilikadiria itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 ndani ya miaka kumi. Massie alipiga kura ya hapana. Seneta Josh Hawley alionya kwa nguvu kuhusu kukata bima ya afya ya maskini, kisha akapiga kura ya ndiyo. Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma pesa nje kwa noti taslimu, kuanzia Januari 2026. Mwenye akaunti ya benki hakatwi. Anayekatwa ni kama yule Mkongomani aliyepokelewa Louisville akiwa mkimbizi, anayekwenda dukani na dola zake 200 kumtumia mama yake kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Kwa hiyo ndugu uliyesema tuwaunge mkono kwa lolote, nakuomba jibu la swali moja. Mamlaka yote niliyoyataja, ya kupiga mabomu bila kura ya Bunge, kusamehe waliopiga polisi na kukitishia kituo cha televisheni, siku yakiwa mikononi mwa rais wa Democrat anayechukia kanisa lako, utayaunga mkono? Kama jibu ni hapana, nieleze kwa nini unayaunga mkono sasa.