Namba ni ileile, programu inasema nimekosa. Python, msaada

Mgeni_wa_Kodi:
Wakuu, habari za muda huu. Naandika mchezo wa kukisia namba kwa Python 3. Nimeweka print(siri) ili niione kabisa, naandika namba hiyohiyo, bado naambiwa "Umekosa". Maandishi mekundu ya kosa hakuna. Kodi hii hapa:

```
import random
while True:
    siri = random.randint(1, 100)
    print(siri)
    jibu = input("Kisia: ")
    if jibu == siri:
        print("Umepata!")
        break
    print("Umekosa")
```

Nilipoliita faili random.py ndiyo nikaharibu kabisa, inaleta AttributeError. Naomba ushauri.

Fundi_Mabano:
Mkuu, input() hurudisha maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu tupu. Jibu lako ni "42", siri ni 42, na kwa Python hivyo ni vitu viwili tofauti. Alama ya == hailalamiki, inatoa False basi, ndiyo maana huoni kosa. Ungeandika jibu < siri, ingekugomea palepale kwa TypeError. Ukiwa na shaka na kigeu chochote, kichungulie kwa print(repr(jibu)): ukiona alama za nukuu, hayo ni maandishi. Dawa yake:

```
jibu = int(input("Kisia: "))
```

Kilobaiti:
Kuhusu AttributeError: Python huanza kutafuta moduli kwenye folda ya faili unaloliendesha. Kwa hiyo import random inaleta faili lako lenyewe, na humo randint hamna. Liite kisia.py, na random.py isibaki kwenye folda hiyo.

Binti_Pwani:
Hapo mmetibu nusu. Mstari wa siri uko ndani ya kitanzi, kwa hiyo kila raundi inachaguliwa namba mpya. Sasa hivi hilo halikuumi kwa sababu unaichapisha. Ondoa print, weka vidokezo vya "kubwa mno" na "ndogo mno", uone vituko: mchezaji anaambiwa 50 ni kubwa, anashuka 25, kumbe siri imeshahamia 80. Upandishe mstari huo juu ya while, na usiwe na nafasi mbele yake.

Siri ikishatulia, anayekata katikati kila mara ataipata ndani ya majaribio 7. Namba zinazobaki hazizidi 100, 50, 25, 12, 6, 3, kisha 1. Ukimpa majaribio 10 humtesi hata kidogo. Mpe 6:

```
for raundi in range(6):
```

Mgeni_wa_Kodi:
Imekubali, shukrani sana. Ila nikibonyeza Enter bila kuandika kitu inazima kwa ValueError. Na nikitaka dadu niandike randint(1, 7)?

Fundi_Mabano:
Hapana, utapata dadu yenye 7. Kwa randint ncha zote mbili zimo, hivyo ni randint(1, 6). Inayoacha ncha ya mwisho ni randrange(1, 7), na hapo ndipo wengi huchanganya. Kwa dadu mbili usije ukaandika randint(2, 12), maana hiyo inazipa jumla zote nafasi sawa. Kwenye dadu halisi 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, na 12 kwa njia 1 tu. Rusha mara mbili, ujumlishe.

ValueError ikamate hivi:

```
try:
    jibu = int(input("Kisia: "))
except ValueError:
    print("Andika namba kamili")
    continue
```

Angalizo: ndani ya for, continue hiyo inamla mchezaji jaribio moja. Ukiona ni uonevu, weka baki = 6, tumia while baki > 0, na upunguze baki baada ya int() kukubali.

Binti_Pwani:
Ukiwa unajaribisha, weka random.seed(7) chini ya import: utapata mfululizo uleule kila ukiendesha, kwa hiyo kasoro utaifuatilia vizuri. Iondoe kabla hujampa mtu acheze. Na nywila usizitengeneze kwa random, mfululizo wake unaweza kutabirika. Kazi hiyo ina moduli yake, secrets, ipo tangu Python 3.6.