Tupeane uzoefu: injini ya gari la zamani inapolia tik-tik

Mrithi wa 504
Ndugu zangu, marehemu baba aliniachia Peugeot 504 ya mwaka 1978, yenye ile injini ya petroli ya lita mbili iliyolazwa ubavu. Tangu masika yaanze, kila asubuhi ninapoiwasha hulia tik-tik kama cherehani, na kadiri ninavyokanyaga mafuta ndivyo sauti inavyokwenda mbio. Baada ya dakika kumi hivi, ikishapata moto, hupungua hata nikaisahau. Nimeseti tapeti mwenyewe, yaani ile nafasi ndogo kati ya vali na mkono unaoisukuma, injini ikiwa baridi, milimita 0.10 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa vali za ekzosi, nikarudia mara mbili, wala hakuna kilichobadilika. Waliopitia haya, tupeane uzoefu.

Oili Nzito
Mwaga oili hiyo, weka nzito zaidi, ulale usingizi. Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 haliogopi kelele ndogo.

Spana Kumi na Tatu
Mzee wangu, lililoshinda mwaka 1978 lilikuwa la milango miwili lenye injini ya V6, si hili la mwenzetu. Na oili nzito ni kumziba mgonjwa mdomo asisikike akikohoa. Asubuhi itachelewa kupanda juu kwenye rokaamu, ile mikono inayosukuma vali, na hapo ndipo utakapozisaga kweli.

Oili Nzito
Sikuomba somo la historia, kijana. Nimeendesha 404 na 504 kwa oili hiyo kabla hujazaliwa.

Abiria wa Kitonga
Niliposoma neno «cherehani» niliweka simu chini kwanza. Mwaka 1994 nilikuwa na Volkswagen Beetle ya 1968, nikaenda nayo Iringa kwenye harusi ya mdogo wangu, nikiwa na mke wangu na shangazi. Shangazi hakuipenda kelele ya tapeti hata kidogo, akainung'unikia tangu Chalinze, basi tulipofika Morogoro nikasimama kwa fundi wa kando ya barabara na kumwambia neno ninalolijutia hadi leo: «Inyamazishe.» Akainyamazisha. Aliziseti tapeti injini ikiwa ingali ya moto, akakaza hadi fila, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, isipite popote, nasi tukaondoka kimya kabisa, shangazi akimwombea fundi dua njia nzima.

Mlima Kitonga tuliuanza alasiri kwa gia ya pili. Kwenye kona mojawapo nguvu zikaisha, ekzosi ikaanza kupasuapasua, kisha ukasikika mlio mmoja kama sufuria iliyopigwa nyundo, na injini ikasimama papo hapo. Breki ya mkono haikushika vizuri. Nyuma yetu malori yanapiga honi, na shangazi, ambaye dakika moja nyuma alikuwa amesinzia, alikuwa tayari yuko chini, miguu mitupu, akisukumia jiwe nyuma ya tairi kwa mikono miwili.

Injini ilipofunguliwa tulikuta kichwa cha vali ya ekzosi ya silinda namba 3 kimekatika na kuzama juu ya pistoni kama sarafu iliyokanyagwa kwenye tope. Fundi aliyeifungua alinieleza kwamba silinda hiyo ndiyo hupata joto zaidi, kwa sababu katika modeli za wakati ule kipoza oili husimama katika njia ya hewa yake. Tena vali hupoa kwa kukaa kwenye kiti chake, na ile iliyokazwa bila nafasi haikai ikatulia.

Bi. Kabureta
Shangazi alifika harusini?

Abiria wa Kitonga
Alifika, juu ya lori la vitunguu la Ruaha Mbuyuni.

Spana Kumi na Tatu
Beetle ni 0.10, injini ikiwa baridi kabisa. Tapeti inayolia kidogo haijawahi kuunguza vali.

Volks Daima
Ni 0.15.

Spana Kumi na Tatu
Hizo ni za miaka ya baadaye.

Volks Daima
Mimi 0.15 naweka kwenye zote, na zote zinatembea.

Mzee wa Land Rover
Tapeti zangu niliziseti 0.25 mara nne, na zikaendelea kulia. Nilipozifungua rokaamu niliona kila moja imechimbika kishimo pale inapogonga vali. Fila ni bapa, hivyo ilikuwa ikipita juu ya kishimo kama daraja na kunidanganya. Chunguza hapo kwanza.

Bi. Kabureta
Mrithi, umesema mwenyewe kwamba sauti hupotea injini ikipata moto. Mimi ningeanzia kwenye gasketi ya manifoldi ya ekzosi, pale bomba la moshi linapoungana na injini, kwa kuwa chuma kikipanuka huziba ufa. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe taratibu kwenye maungio injini ikiwa bado baridi. Kisha utafute masizi. Ukichomoa waya wa plagi ya silinda inayovuja, tik-tik nayo itafifia.

Oili Nzito
Au aongeze sauti ya redio.

Mrithi wa 504
Bi. Kabureta, ahsante sana. Mpira umenipulizia sikio pale kwenye silinda ya nne, na chini yake kuna mchirizi wa masizi kama wino. Nati mbili zimefunguka vizuri, ya tatu imekatika pamoja na stadi yake (ile boliti isiyo na kichwa), kipande kikabaki ndani ya silinda hedi. Nani aliwahi kuitoa bila kushusha hedi?