Tupeane uzoefu: kungoja prosesa za kizazi kijacho, au kuunda mashine sasa?

Kampemba: Ndugu zangu wa Lubumbashi, mdogo wangu aliyeko Kolwezi ametunza fedha za kuunda kompyuta ya gemu, lakini kila anapokaribia kununua hutangazwa prosesa mpya naye huahirisha. Safari hii anataka kuingoja Zen 6, kizazi kijacho cha prosesa za AMD. Ninaomba kila mmoja aeleze alichokifanya mwenyewe, si alichokisikia.

Katuba: Mimi sikungoja, na kilichonifaa ni soketi, yaani sehemu ya ubao mama inapopachikwa prosesa. Nilianza na Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017 kwenye ubao mama wenye soketi ya AMD iitwayo AM4. Ilipotoka Ryzen 7 5800X3D mwaka 2022, niliipachika kwenye ubao uleule baada ya kusasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao), kazi niliyoifanya usiku nikitumia inveta yenye betri, kwa kuwa umeme wa SNEL ukikatika katikati ya zoezi hilo ubao unaweza usiwake tena. Angalizo kwa anayebadilisha prosesa ya AM4: cheza gemu kwanza hadi pasta iliyo kati ya prosesa na kipozeo ipate joto, kisha zungusha kipozeo taratibu kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta kikiwa cha baridi, prosesa huweza kung'oka nacho ingawa soketi imefungwa, na pini zikapinda.

Ruashi: Mimi niliingoja Core Ultra ya Intel iliyotoka Oktoba 2024. Ilidai soketi mpya, LGA1851, maana yake ubao mwingine, na katika gemu nyingi ilizidiwa na kizazi cha 14 kilichoitangulia. Hata hivyo kungoja kulinilipa kwa njia nyingine: jirani aliyeikimbilia aliniuzia Core i7-12700 yake pamoja na ubao na ramu za DDR4 (kizazi kilichotangulia DDR5), kwa bei ya kindugu kweli.

Kamalondo: Wazee, tarehe ya kuzinduliwa si tarehe ya kufika kwetu. Mizigo yangu hutoka Dubai, hupitia Dar es Salaam na kuingia kwa Kasumbalesa, na kifaa kikiwa kibovu gharama ya kukirudisha ni yangu, kwa hiyo sinunui ubao wa toleo jipya kabla BIOS yake haijatulia. Tena prosesa si yote. Mwishoni mwa 2025 bei ya ramu za DDR5 ilipanda vibaya kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Rafiki yangu aliyekuwa akingoja prosesa alijikuta fedha zilizotosha gigabaiti 32 zinampa 16 tu.

Kampemba: Asanteni. Kwa kuwa AMD imeahidi kuiendeleza AM5, soketi iliyoifuata AM4, hadi 2027 na zaidi, nitamshauri achukue Ryzen 5 7600 na ubao wa B650 wenye soketi hiyo sasa, fedha nyingi aziweke kwenye kadi ya picha, prosesa aje kuibadilisha baadaye. Linalobaki ni barabara: aliyewahi kutuma kompyuta iliyokwisha kuundwa hadi Kolwezi kwa basi, je, kipozeo alikiacha mahali pake au alikifungua?